Kula Kumi na Moja

Barua za kuwapunguza kazini watu sitini na watatu wa ushirika zilichapwa na Justa, na ya sitini na tatu ilikuwa yake mwenyewe. Aliichapa bila kosa hata moja, akampelekea meneja aisaini, kisha akarudi kwenye kiti chake kusubiri akabidhiwe. Majirani zake wa Mkuyuni waliposikia walisema mama huyo ana roho ngumu. Ngumu wapi! Alilia siku tatu. Ila kuchapa ovyo kulimshinda, hata siku aliyokuwa akijifukuza kazi kwa vidole vyake.

Huo ulikuwa mwaka tisini na nne, pamba ilipofunguliwa kila mwenye fedha anunue, na ushirika ukaanza kukata roho. Justa aliondoka na kiinua mgongo chake kidogo pamoja na taipureta ileile, aliyoinunua kwenye mnada wa vifaa vya ofisi. Akaiweka dirishani nyumbani, akatundika kibao: TUNACHAPA BARUA, MIKATABA, MIALIKO. Wateja walikuja kwa msimu. Harusi zikiwa nyingi alipata mboga nzuri, harusi zikiwa chache alikaa akawalaani waliokula ushirika. Kazi hiyo ya kulaani haikuwa na msimu.

Tatizo ni kwamba hakujua hasa amlaani nani. Wakubwa wa ushirika walikuwa wengi na kila mmoja alimsukumia mwenzake. Lakini mtaani siku zile kulikuwa na jibu jepesi lililomfaa kila mwenye hasira. Kinu kikiuzwa, ghala likibadilishwa kufuli, watu walisema, "Amechukua Mhindi." Mara nyingine ilikuwa kweli. Mara nyingine mnunuzi alikuwa mtoto wa Magu mwenye jina la Kisukuma kabisa, na ng'ombe kwao, lakini habari hiyo haikuchangamsha vijiwe, kwa hiyo iliachwa ipite. Justa hakuwa mtu wa vijiwe. Hata hivyo masikio alikuwa nayo, na yaliyoingia humo hayakutoka yote.

Mwaka tisini na saba, mvua za El Nino zilipoanza kubomoa barabara, Venant akabisha hodi. Alikuwa Mhaya wa Muleba, mwembamba, miaka thelathini na sita, mwalimu wa masomo ya uongozi aliyepanga nyumba Nyegezi. Alikuwa akisomea udaktari, si ule wa sindano bali ule wa vitabu, katika chuo kikuu kimoja cha Ulaya. Utafiti wake ulihusu viongozi wa biashara na maadili. Alitaka kujua mtu anayeongoza kampuni anabakije mwaminifu wakati sheria za zamani zimeondoka na mpya bado ziko njiani. Alikuwa amewahoji viongozi ishirini na wawili wa viwanda vya samaki, vinu vya pamba, mabasi na maduka ya jumla, na sauti zao zote zilikuwa kwenye kaseti ndani ya boksi la viatu.

"Nimeambiwa mkoa mzima huu hakuna anayechapa Kiswahili safi kukupita wewe, mama Justa," alisema.

"Waliokuambia wamepunguza," Justa alijibu, na kazi ikaanza siku hiyohiyo.

Masharti yalikuwa mawili. La kwanza, kila mhojiwa ana namba, jina lake halichapwi popote. La pili lilihusu maneno yenyewe. Watu wengi wa huku tumezaliwa na Kisukuma au Kijita mdomoni, na r na l zetu hubadilishana viti zinavyotaka. "Matamshi rekebisha," Venant alisema. "Mtu akisema 'biashala' wewe chapa biashara. Lakini neno lenyewe usiliguse, hata kama ni baya, hata kama unaona alitaka kusema kingine." Justa aliona ni haki. Mwisho wa kazi angetia saini hati ya mchapaji, karatasi ambayo chuo kile kiliitaka, yenye maneno kwamba yaliyochapwa ndiyo yaliyosemwa.

Aliipenda kazi ile kuliko alivyokiri. Alivaa hedifoni asubuhi baada ya chai, akabonyeza kaseti, akachapa, akarudisha nyuma, akachapa tena, na kwa saa hizo alikuwa mtu wa ofisi tena, mtu ambaye kazi yake inasubiriwa mahali. Venant alimwita mama Justa na yeye alimwita mwalimu, ingawa alimzidi miaka minane. Kila Ijumaa mwalimu alikuja kuchukua kurasa na kila Ijumaa uso wake ulizidi kusinyaa.

Maana hakuna aliyekiri kitu. Ukiwasikiliza wakubwa wale, Mwanza nzima haikuwa na mtu aliyewahi kumnunulia afisa hata soda. Wote waliongoza kwa uadilifu, wote walimtanguliza Mungu, wote walilipa kodi kwa furaha. Mmoja alitokwa na machozi akieleza jinsi anavyolipa kodi kwa furaha.

"Nikirudi na haya watanicheka," Venant alisema siku moja, akiwa ameshika kurasa kama mtu aliyeletewa nguo isiyo yake. "Ufadhili wangu unaisha mwezi wa tatu. Miaka sita, mama Justa, halafu sura ya tano yote ni watu wanaojisifu."

Ndipo ikafika zamu ya kaseti ya namba saba.

Justa aliitambua sauti kabla ya sentensi ya pili. Ilikuwa ya Mzee Kashindye, zamani fundi mkuu wa kinu cha mafuta cha ushirika, mtu aliyechapiwa barua ya kupunguzwa kazi wiki moja na yeye. Mzee huyo na wenzake kumi na mmoja hawakwenda kufungua vibanda kama wengine. Waliunganisha viinua mgongo vyao wakakinunua kinu kilekile, kibovu, pale Mkuyuni. Fedha ilipokwama wakamwingiza ubia Mhindi mfanyabiashara wa vipuri mjini, Sadru. Sasa walikamua mbegu za pamba, wakauza mafuta, na mashudu yakaenda kwa wafugaji. Mzee Kashindye alieleza yote hayo kwa l zake, za "ushilika" na "hasala" na "Sadlu", na Justa alizirekebisha moja moja bila hata kufikiri. Kisha mzee akasema:

"Sadlu alipokuja hakuzunguka. Alisimama mbele yetu wote kumi na wawili akasema anataka kula. Tukampa. Tusingempa, mashine ile ingekuwa chuma chakavu mpaka leo."

Katika lugha yetu kitenzi hicho, kula, hakishibi. Mtu hula kiapo, hula njama, hula hasara, hula kona. Na mkubwa akila tu, bila kutajwa alichokula, kila mtu anaelewa kwamba si ugali. Justa alirudisha kaseti nyuma akasikiliza tena. Akaibadilisha "Sadlu" kuwa Sadru, na kula akaiacha kula. Moyoni alisikia kitu ambacho ni aibu kukitaja lakini kilikuwepo: aliridhika. Ndiyo, alijiambia, ndivyo walivyofanya.

Venant alipousoma ukurasa ule alikaa chini kwenye ndoo ya maji iliyokuwa mlangoni, tena haikuwa na mfuniko. Hakujali. Alisoma mara tatu huku suruali ikilowa. "Huyu hapa," alisema. "Mtu mmoja mkweli. Amesema mbele ya kinasa sauti, bila woga!" Jina la Sadru akaliondoa na kuandika "mfanyabiashara mmoja", akaitafsiri sura nzima kwa Kiingereza na kuituma kwa faksi kwa msimamizi wake. Jibu lilirudi baada ya siku nne. Msimamizi alisema hiyo ndiyo sauti aliyokuwa akiingoja, na sura ya tano ijengwe juu yake.

Kilichobaki kilikuwa uthibitisho. Chuo kilitaka kila mtu anayenukuliwa asomewe maneno yake, ayakubali, atie saini. Halafu Jumamosi kungekuwa na semina ya wafanyabiashara mjini, Venant aeleze aliyoyapata, na wiki inayofuata apande ndege. Kwa kuwa Mzee Kashindye macho yalikuwa hayaoni tena herufi ndogo, na Justa alimzoea, ilionekana vyema akamsomee yeye.

Alikwenda Jumanne, gauni amelikunja kwa ajili ya matope. Kinuni palinukia mafuta mabichi. Mashine moja ilikuwa imesimama na miguu ya mtu ilitokeza chini yake.

"Shikamoo baba," Justa alisema.

"Malahaba, mwanangu. Kalibu, kalibu! Toka balua zile hatujaonana vizuli."

Miguu ile ikatoka chini ya mashine na mwenyewe akasimama. Alikuwa mtu wa makamo, mfupi, shati limelowa mafuta mpaka kwenye kola, spana mkononi. Justa alimjua kwa sura: Sadru wa vipuri.

"Mwangaluka, dada," alisema, kisha akaendelea kwa Kisukuma, laini, cha wazee wa Ngudu, ambako babu yake alifungua duka na yeye akazaliwa. Watoto wa Justa walikuwa hawakijui Kisukuma hata nusu ya hicho. Aliomba radhi kwamba hawezi kumpa mkono, akarudi chini ya mashine.

Justa na mzee walikaa kwenye magunia ya mashudu. Alifungua karatasi akasoma polepole, kwa sauti ya chini kidogo, na alipofika pale penyewe aliishusha zaidi kwa sababu ya miguu iliyokuwa hatua sita kutoka hapo. "Akasema anataka kula. Tukampa."

"Kabisa," Mzee Kashindye alisema kwa sauti kubwa tu. "Ndivyo nilivyosema. Lete kalamu."

Akasaini. Jina lake lilichukua nusu ya mstari na kijasho kidogo. Halafu, kwa kuwa alikuwa mtu wa kupenda kumaliza hadithi, akaongeza, "Tena kula zenyewe zilikuwa kumi na moja. Ya kumi na mbili ilihalibika."

"Kumi na moja?" Justa aliuliza.

"Ya Kija, fundi mwenzetu, ndiyo ilihalibika. Na Kija mwenyewe alikuwa anagombea! Alichola alama yake nje ya mstali. Tulizihesabu kwenye ndoo hiyo hapo, mgombea akapata sifuli." Mzee alicheka hadi akashika mbavu. "Sadlu akawa mwenyekiti. Alisema wazi, 'Mimi nataka uenyekiti, naombeni kula zenu, mkininyima sitachukia.' Nani tena anaomba hivyo siku hizi? Ndiyo maana nilimwambia yule mwalimu wako. Aliniuliza uongozi wa haki ukoje, nikampa mfano."

Justa aliendelea kushika kalamu hewani. Kula haihesabiwi kumi na moja. Kula haiharibiki kwa kuchorwa nje ya mstari. Mzee alisema kura, alisomewa kula akasikia kura, na ameisainia, kwa sababu mdomoni mwake na masikioni mwake maneno hayo mawili ni ndugu wa tumbo moja.

Angeweza kusema palepale. Magunia yalikuwa matulivu, mzee alikuwa na furaha, karatasi ilikuwa mkononi. Badala yake aliikunja, akaaga, akavuka tope kwa haraka kama mtu aliyeiba.

Nyumbani hakuigusa kaseti. Hakuwa na haja nayo. Miaka kumi na minane ya ushirika kazi yake kubwa ilikuwa nini, kama si kukamata kosa hilohilo? Kila uchaguzi wa vyama vya msingi barua zilimjia kutoka vijijini, zikiwaalika wanachama "wapige kula", na yeye alizisahihisha huku akitabasamu peke yake. Kura na kula, mahari na mahali, bara na bala. Masista wa shule walimchapa viganja kwa ajili ya r hizo. Mtu mwingine yeyote angeweza kusema hakujua. Yeye? Alirekebisha neno la kwanza la maneno yaleyale, Sadlu kuwa Sadru, kisha akaliruka hilo la kula.

Akajaribu kujitetea. Masharti yalisema neno usiliguse. Alitia maji birikani, akasahau kuwasha jiko, akakaa. Hakuna aliyemshtaki na bado alikuwa anashindwa kesi. Na hasara haikuwa yake peke yake. Kampuni iliyonunuliwa na watu kumi na wawili waliopunguzwa kazi ilikuwa moja tu Mwanza. Jumamosi Venant angesema "mhojiwa namba saba" na ukumbi mzima ungegeuka kumtazama Mzee Kashindye, halafu kumtazama Sadru. Kufika Jumatatu Sadru angekuwa Mhindi aliyewala mafundi wa kinu, mzee angekuwa mtu aliyemuuza mbia wake, na nani angemshawishi Sadru alale tena chini ya mashine? Nyumba kumi na mbili zilikula kutoka kwenye kinu kile.

Jumatano alikwenda Nyegezi. Venant alikuwa sebuleni, meza imejaa karatasi, sanduku la safari liko wazi pembeni.

"Mwalimu, ile kula ya namba saba si kula," Justa alisema kabla ya kukaa. "Ni kura. Walimpigia kura awe mwenyekiti."

Venant alicheka kwanza. Kisha akamtazama na kicheko kikakatika. "Lakini amesaini."

"Amesaini alichosikia. Nimemsomea kula yeye akasikia kura."

"Kanda inasema kula. Mtu yeyote akiisikiliza atasikia kula."

"Mtu yeyote asiyemjua Mzee Kashindye. Mimi namjua."

Venant alisimama, akaenda dirishani, akarudi. Hakuwa mtu mbaya, na Justa alimhurumia kwa dhati. Aliona sanduku, aliona picha ya watoto watatu ukutani, alijua mwezi wa tatu hauko mbali. "Msimamizi amejenga kila kitu juu ya sentensi hiyo," Venant alisema. "Nikiitoa sina sura ya tano. Nisipokuwa na sura ya tano sina kitabu."

"Najua."

"Basi sikiliza." Alikaa, akaongea polepole, kama anayemweleza mwanafunzi. "Jumamosi sitaitaja. Naahidi. Hakuna mtu wa Mwanza atakayeisikia. Itabaki kwenye kitabu tu, kwa Kiingereza, kwenye maktaba ya Ulaya. Jina halimo. Saini ya mzee ipo. Nani ataumia?"

Justa alilifikiria swali hilo kwa haki, maana lilistahili. Alitafuta mtu atakayeumia na hakumpata haraka. Kinu kingeendelea kuzunguka. Mzee angekufa akiamini ametoa mfano mzuri. Yeye angebaki na kazi na sifa yake ya kutokosea, na mwalimu angerudi daktari. Kitu pekee kilichobaki ni kwamba ulikuwa uongo.

"Mwalimu," alisema, "kitabu chako kinahusu nini vile?"

Hakuuliza kwa kejeli, na pengine ndiyo maana Venant hakuweza kukasirika. Alifumba macho akayasugua. Justa akachukua hati ya mchapaji iliyokuwa juu ya meza ikimsubiri, akaisoma tangu mwanzo, akairudisha bila saini. "Nitakuchapia upya ukurasa ule, bure. Huo ndio naweza kuusainia. Kama huutaki, nitajua kazi imeisha, na sitakusema kwa mtu."

Alirudi Mkuyuni akiwa na hakika kwamba amejifukuza kazi mara ya pili maishani. Safari hii hakulia. Alichapa ukurasa, akaukagua, akauweka chini ya taipureta usipeperuke.

Asubuhi iliyofuata Venant alikuwa mlangoni, macho mekundu, viatu vimejaa tope. "Nimeandika faksi ya kuyafuta maneno yale," alisema bila salamu. "Naipitisha posta leo. Lakini yamekwisha kukaa wiki mbili mezani kwa mtu Ulaya, mama Justa. Siwezi kumsema mtu vibaya, nikafuta, nikakaa kimya kana kwamba sikumsema. Twende tukawaambie."

"Tukawaambie wote wawili?"

"Wote wawili."

Walikwenda kwa miguu. Umeme ulikuwa umekatika, na mafundi walikuwa wamekaa nje wakitafuna mahindi ya kuchoma. Venant alieleza mwenyewe, hakumtupia Justa hata nusu ya kosa. Alieleza kwamba neno lilichapwa vibaya, kwamba likamfaa, kwamba kwa kuwa lilimfaa hakuliuliza swali hata moja, yeye ambaye kazi yake ni kuuliza maswali.

Mzee Kashindye alichukua muda kuelewa. Kisha akaelewa. "Yaani mimi nimesaini kwamba Sadlu alikula?" Akaangua kicheko, na mafundi wote wakaangua, na Kija, ambaye kisa cha ndoo ile kilikuwa hakijamwacha, alicheka kuliko wote. "Alikula! Kula kumi na moja alikula! Ndiyo maana amenenepa!"

Sadru hakucheka. Alikuwa anapangusa mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, akimtazama Justa.

"Nani alichapa?" aliuliza.

"Ni mimi," Justa alisema.

"Huyu mzee umefanya naye kazi miaka mingapi?"

"Kumi na minane."

"Anavyosema kura unajua."

"Najua."

Kicheko cha mafundi kilikuwa kinapungua. Sadru aliuliza tena, taratibu, bila hasira, kama mtu anayetaka kujua bei ya kitu alichokwisha kununua. "Dada, kama aliyesimama mbele yao siku ile angekuwa Kija, si mimi. Mzee akasema, 'Kija alitaka kula, tukampa.' Ungesikia nini?"

Sasa hakuna aliyecheka. Justa alijua kwamba kuna majibu mengi ya adabu. Kanda haikuwa safi. Mashine zilikuwa zinapiga kelele. Masharti yalisema neno usiliguse. Yote yalimjia hadi kwenye ulimi, na yote alikuwa amekwisha kuyajaribu nyumbani, peke yake, mbele ya birika baridi.

"Ningesikia kura," alisema. "Hapohapo. Nisingerudisha hata kaseti nyuma. Nilisikia kula kwa sababu ulikuwa wewe. Nisamehe, kaka."

Sadru alikaa kwenye gunia. Alionekana amechoka ghafla, si kwa kazi ya siku ile. "Miaka hamsini nimezaliwa hapa," alisema. "Watu wanasikia hivyohivyo dukani, barabarani, ofisini. Wewe ni wa kwanza kuja kuniambia." Akatikisa kichwa. "Nimekusamehe, dada. Lakini mwalimu, ulikuwa unatafuta la kuandika kuhusu biashara yetu hapa? Si hilo hapo? Hilo liandike."

Venant alimgeukia Justa. Justa alimwona akitafuta maneno ya kumwomba ruhusa, na aliona jinsi alivyoogopa kuiomba. Venant alitoa daftari lake mfukoni polepole.

"Litakuhusu wewe, mama Justa," alisema. "Tutakulinda. Wote tumewapa namba. Wewe utakuwa ishirini na tatu."

Justa aliwatazama mafundi walioacha kutafuna, Mzee Kashindye aliyeinamisha kichwa, na Sadru aliyekuwa bado ameshika kile kitambaa. Miezi mitatu alikuwa amewachapa wakubwa ishirini na wawili waliojificha nyuma ya namba ili wajisifu vizuri.

"Usinipe namba," alisema. "Andika Justa."